Usimuulize mtu kama anaunga mkono kafyu

Mwezi wa Aprili 2020, karibu kila aliyepigiwa simu Kenya na kuulizwa kama anaunga mkono kafyu, yaani amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, alikuwa na jibu moja la adabu: ndiyo. Corona inaua, nani atasema anataka isambae? Saa moja unusu jioni hiyo hiyo, mtu yule yule ungemkuta bado yuko njiani, anapita vichochoro vya nyuma ili asikutane na askari. Mchana hakusema uongo, na jioni hakuwa mkaidi. Aliulizwa kama anataka ugonjwa uzuiwe. Hakuulizwa yuko radhi kupoteza nini, kiasi gani, na kwa siku ngapi.

Sisi ambao kazi yetu ni kukusanya maoni ya wananchi tulipata karibu miezi 19 ya kuiona tofauti hiyo, tangu kafyu ilipoanza 27 Machi 2020 hadi ilipoondolewa Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba 2021. Haya ni kwa yeyote atakayetaka kuuliza vizuri zaidi mlipuko mwingine ukija, awe mtafiti, afisa wa kaunti au kikundi cha mtaani.

Amri tatu, walipaji watatu

Jambo la kwanza ni kutenganisha amri. Kenya haikuwafungia watu ndani ya nyumba nchi nzima kama Rwanda ilivyofanya kuanzia usiku wa 21 Machi 2020. Ilikuwa na kafyu ya usiku. Ilikuwa na marufuku ya kuingia na kutoka maeneo fulani: Nairobi na viunga vyake kuanzia 6 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale siku mbili baadaye, kisha Mandera. Na ilikuwa na kufungwa kwa huduma, yaani shule, baa, misikiti, makanisa na baadhi ya masoko. Dodoso likizitia zote katika swali moja, majibu yake hayana maana, kwa sababu kila amri ilitoka mfukoni mwa mtu mwingine.

Mpaka wa kaunti ulilipwa na dereva wa basi la masafa, na kibarua ambaye mke na watoto wako ushago, yaani kijijini. Ukiwauliza wazee wa ushago, wengi waliutaka mpaka huo ubaki, hata watoto wao walipokuwa wakilia njaa mjini, maana walijua ugonjwa utakuja na basi. Kufungwa kwa shule kulilipwa na wazazi na walimu wa shule za binafsi, ambao wengi walikaa bila mshahara. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba 2020. Waliobaki wakangoja hadi 4 Januari 2021. Uganda ilikwenda mbali zaidi: shule zilizofungwa Machi 2020 hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022.

Kafyu nayo ililipwa na mtu anayefanya kazi kwenye ncha za siku. Hapa ndipo makadirio mengi yalipokosea, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua mwanamke wa Mombasa anayeuza mboga Likoni na kununua mzigo soko la Kongowea, ng'ambo ya kivuko. Malori ya mboga hufika usiku, na bei nzuri iko kabla ya jua kutoka, mzigo ukiwa bado unashushwa. Kafyu ya mwanzo iliisha saa kumi na moja alfajiri. Ukitoka nyumbani muda huo, ukavuka feri, ukapanda matatu, unaingia sokoni sukuma wiki nzuri imeshachukuliwa na waliolala karibu, na iliyobaki iko mikononi mwa dalali. Unarudi gengeni saa tatu au saa nne. Halafu jioni: mauzo makubwa ya mboga, nyanya na mafuta ya kupima huwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, wafanyakazi wanaporudi na pesa ya siku. Kafyu ya saa moja ilikata sehemu kubwa ya muda huo pia. Karani wa ofisini alipoteza saa zile zile kumi, na hasara yake ilikuwa kulala mapema.

Ndiyo maana 7 Juni 2020, kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku na kuishia saa kumi alfajiri, watu wa mishahara waliona ni mabadiliko madogo. Kwa mwenye genge, lilikuwa tofauti ya kufunga na kuendelea. Kwenye kadi ya maswali, ile inayomweleza mhojiwa amri ili achague (tutafika huko mbele), usiandike "kafyu ndefu" na "kafyu fupi". Andika saa yenyewe ya kuanza na ya kuisha, na uzipime ncha mbili mbali mbali. Kuna watu wengi wangekubali kuingia ndani saa moja jioni mradi waachiwe kutoka saa tisa usiku. Hawakuulizwa, kwa sababu kila mara ncha zote mbili zilitangazwa pamoja.

Saa ya kafyu pia huanza mapema kuliko ilivyoandikwa. Feri ya Likoni ikipunguza abiria ili watu wasibanane, foleni inarefuka. Mtu anayetaka kuwa mlangoni kwake saa moja lazima awe kwenye foleni saa tisa au kumi. Siku ya kwanza ya kafyu, alasiri ya 27 Machi, polisi walitumia virungu na vitoa machozi kwa watu waliokuwa wamejazana kivukoni wakijaribu kurudi nyumbani. Kikohozi kimoja kingetosha kuambukiza, na moshi ule uliwakohoza wote. Kabla ya kuandika saa yoyote kwenye amri au kwenye dodoso, pima kwanza chombo cha usafiri chenye njia nyembamba kuliko vyote kinaweza kupitisha watu wangapi kwa saa.

Matatu ni hesabu nyingine. Gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8, la 25 kubeba 15, na makubwa asilimia 60 ya viti. Tuseme nauli ilikuwa shilingi 50. Gari lililojaa lilileta 700. Likibeba 8 linaleta 400. Ili mwenye gari apate 700 ile ile, kila abiria anatakiwa atoe 87 na senti, na kwa kuwa hakuna anayetafuta chenji ya namna hiyo, nauli ikawa 80 au 100. Kibarua wa shilingi 500 kwa siku aliyekuwa akitumia 100 kwenda na kurudi sasa anatumia 200. Amri iliandikwa kuhusu viti, ikalipwa kwa chakula cha jioni. Magari yalirudishiwa viti vyote Agosti 2021. Nauli katika njia nyingi haikurudi yote.

Mtaji ukishaliwa

Kosa lililojirudia zaidi kwa wahoji wapya lilikuwa la kipato. Ukimuuliza mama mboga "unapata ngapi kwa siku", atakujibu mauzo: elfu mbili. Ndani yake 1,500 ni mtaji wa kesho. Faida ni 500, na humo humo mna nauli, maji na unga. Uliza kwa mpangilio huu: asubuhi umenunua mzigo wa ngapi, jioni umefunga na ngapi mkononi, na siku mbaya inakuwaje. Anayelipwa kwa siku usimuulize kwa mwezi. Atakupa namba, lakini atakuwa ameitunga pale pale ili akuridhishe.

Sababu ya kung'ang'ania tofauti ya faida na mtaji ni kwamba hasara haipandi kwa mstari ulionyooka. Kukosa 300 kwa siku kwa wiki moja ni njaa na madeni dukani. Kukosa 300 ile ile kwa wiki tatu ni kula mtaji, na mtaji ukishaliwa biashara haipo tena hata amri ikiondolewa kesho. Kwa hiyo urefu wa amri na ukubwa wa hasara lazima vipimwe kwa pamoja. Ukiviweka kama vitu viwili visivyohusiana, utapata jibu kwamba watu hawajali sana kama ni siku 14 au 42. Wanajali sana, tatizo ni kwamba swali lako halikuwaacha waseme.

Halafu kuna kukaa ndani kwenyewe. Nyumba ya watu sita hula paketi moja ya unga ya kilo mbili kwa siku, zaidi kidogo kama hakuna chai ya asubuhi. Kwa siku 14 hizo ni paketi 14. Paketi ikiwa shilingi 120, unga peke yake ni 1,680 kabla ya mboga, mafuta, makaa na maji. Maji ndiyo yalisahaulika zaidi. Familia hiyo ikitumia mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku kwa bei ya shilingi 5, ni 15. Mabomba yakikauka mtungi ukafika 20, ni 60 kwa siku, na hapo hapo unaambiwa unawe mikono kila mara. Katika maswali ya simu yaliyoulizwa nchi nyingi za Afrika mwaka huo, mpangilio wa majibu ulifanana: barakoa na kunawa mikono vilikubalika kwa wingi, na kadiri hatua ilivyogusa kazi na soko ndivyo ilivyopoteza watu. Kikwazo kilichotajwa mbele ya vingine kilikuwa kuishiwa chakula, maji na pesa.

Uganda walijaribu kufidia kwa chakula. Kuanzia Aprili 2020 serikali iligawa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu, ikianzia Kampala na Wakiso. Mtu mmoja akila gramu 400 za unga kwa siku, kilo 6 ni siku 15. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Kilichoharibu ni mpangilio wa siku: mtaa uliofikiwa wiki ya tatu ulikuwa umeshakopa, umeshauza simu au godoro, na msaada ukaenda kulipa deni. Katika awamu ya pili, iliyoanza Juni 2021, zilitumwa pesa, shilingi 100,000 za Uganda kwa kaya iliyosajiliwa. Pesa inafika haraka kuliko lori, lakini inamfikia aliye kwenye orodha, na orodha za mijini huandikwa na watu wa mtaani wenye ndugu zao. Kenya, ahueni ya kodi kwa wenye mshahara hadi 24,000 ilimfaa mwenye hati ya malipo tu. Kilichomgusa hata muuza karanga ni kuondolewa ada ya kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa 2020. Kwa hiyo ukiweka msaada kama kipengele kwenye kadi, usiandike "msaada wa serikali". Andika ni nini, kiasi gani, na unafika siku ya ngapi. Siku ya ngapi mara nyingi ina uzito kuliko kiasi.

Karantini na askari

Kuna gharama mbili ambazo watu walizikataa waziwazi, na zote mbili hazikuwa katika mahesabu ya wataalamu wa magonjwa.

Ya kwanza ni karantini ya kujilipia. Mwanzoni aliyewekwa kwenye kituo alitakiwa kulipa, na hata vituo vya bei ya chini vilitoza karibu shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 14 ni 28,000, na wapo walioongezewa siku kwa sababu mtu mwingine kituoni alikutwa na virusi. Ukishajua hilo, kukimbia kipimo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Tarehe 6 Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh jijini Nairobi zilipofungwa, katikati ya Ramadhani, kipimo kilikuwa tayari kina sura ya adhabu, na watu wakajificha. Serikali ilikuja kusema itabeba gharama za vituo vyake. Lakini hofu ikishaingia mtaani haitoki kwa tangazo la redio.

Kufungwa kwa mitaa ile miwili kuna funzo jingine. Biashara ya futari, sambusa, viazi karai, mkate wa sinia, hufanyika kuanzia alasiri hadi magharibi. Kafyu ya saa moja ilikuwa inaiumiza kidogo tu, maana adhana ya magharibi Mombasa huwa karibu saa kumi na mbili unusu. Kufunga njia za kuingia mtaani kuliiua kabisa, kwa sababu wanunuzi wanatoka nje ya mtaa. Aliyepanga amri kwa kuangalia saa asingeliona hilo.

Ya pili ni askari. Ndani ya siku chache za kafyu, kijana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao Kiamaiko, Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta mwanzoni mwa Aprili aliomba radhi kwa ukatili wa polisi. Katika vikao vya mitaa, "nani anasimamia" lilikuwa likitajwa mapema kuliko saa au muda. Kafyu ile ile, ya saa zile zile, ilikubalika zaidi ikisimamiwa na wazee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii kuliko ikisimamiwa na gari la polisi. Hongo nayo ni gharama: anayelipa 200 kila akikamatwa anaihesabu kama kodi, na atakuambia ukimuuliza bila kuandika jina lake. Dodoso lisilo na kipengele cha usimamizi linapima kafyu ambayo haijawahi kuwepo.

Jinsi ya kuuliza

Njia inayofaa zaidi ni ya kadi mbili. Mhojiwa anaonyeshwa kadi A na kadi B, kila moja ikieleza amri kamili, naye anachagua. Hapimi kila jambo peke yake. Analazimika kuacha kitu ili apate kingine, kama ilivyo maishani.

Vipengele visizidi sita. Tunavyopendekeza ni saa za kafyu (viwango vinne, kimoja kikiwa hakuna kafyu), urefu wa amri (siku 14, 30, 60), pesa zinazopotea kwa wiki (viwango vitatu kulingana na faida aliyokwisha kukutajia), msaada (hakuna; unga; pesa kwa simu, kila kimoja kikiwa na siku ya kufika), vifo katika kata (viwango vitatu), na msimamizi (polisi au wazee na wahudumu wa afya). Hizo ni 4 × 3 × 3 × 3 × 3 × 2, yaani amri 648 zinazowezekana, na zaidi ya jozi 209,000 za kadi. Hakuna atakayejibu hizo. Programu ya takwimu inakuchagulia jozi chache zenye habari nyingi. 24 zinatosha kwa kuanzia, zigawe mafungu matatu, kila mtu ajibu 8. Ukitaka kupima muda na hasara kwa pamoja kama tulivyosema, ongeza hadi 36 na mafungu manne ya jozi 9. Zaidi ya jozi 10 kwa mtu mmoja, utaona majibu yanaanza kuwa ya kumfukuza mhoji.

Idadi ya watu: zidisha 500 kwa idadi kubwa ya viwango katika kipengele kimoja, gawanya kwa jozi anazojibu mtu mara chaguo mbili. Hapa ni 500 × 4 ÷ (8 × 2), sawa na 125. Hiyo ni kwa kila kundi unalotaka kulilinganisha, si kwa utafiti wote. Ukitaka wenye mishahara, vibarua na wafanyabiashara wadogo watazamwe mbali mbali, ni watu 375 kwa uchache, na ni vyema kufika 200 kwa kundi, kwa sababu wengine utawatoa.

Wa kutolewa wanajulikana kwa jozi ya mtego: kadi mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa moja ina vifo vingi zaidi na hasara kubwa zaidi. Anayechagua mbaya hakuelewa, au hasikilizi. Lakini usimtupe kabla ya kumtazama mhoji wake. Mara nyingi majibu mabaya yanatoka kwa mhoji mmoja anayesoma kadi A kwa sauti ya uchangamfu na B kwa uchovu. Ukiona A imechaguliwa zaidi ya B kwa mhoji fulani tu, huyo ndiye wa kufunzwa upya.

Vifo usiviweke kwa asilimia. "Asilimia 0.1" haisemi kitu kwa mtu yeyote, wakiwemo wengi waliosoma. Sema: kata yenu ina watu 30,000, katika miezi mitatu watakufa 10, au 30, au 60. Onyesha kwa nukta kwenye karatasi. Na kadi ya "hakuna amri yoyote" iwe na vifo vyake pia. Ukiiacha tupu, unampa mtu chaguo la bure ambalo dunia haina.

Kikao cha maandalizi kiwe cha watu sita hadi wanane, wanawake mbali na wanaume, kisha jaribu dodoso kwa watu 30 kabla ya kuchapisha. Usiingie mtaani na chifu wala na fulana yenye nembo ya serikali. Ukifika naye, kila mtu anaunga mkono kila kitu.

Kwa simu mambo hubadilika. Kadi haionekani, kwa hiyo punguza vipengele hadi vitatu au vinne na jozi hadi nne, na soma kila jozi mara mbili. Piga asubuhi ya katikati na tena usiku, maana mchana unapata wasio na kazi tu. Simu ya nyumba mara nyingi ni ya baba. Omba kuzungumza na mke na uwe na mhoji wa kike. Kumbuka pia kwamba katika chumba kimoja jibu la swali la pesa linasikiwa na wote. Hapo tumia majibu ya namba, "sema moja au mbili", ili jirani asielewe. Na maskini kuliko wote hawana simu kabisa. Matokeo ya simu peke yake yataonyesha nchi yenye uvumilivu kuliko ilivyo.

Kusoma majibu

Programu itakupa uzito wa kila kiwango, yaani kinavyovuta au kusukuma uchaguzi wa watu. Uzito wenyewe hauna kipimo, ugawanye kwa uzito wa pesa. Tuseme, kwa mfano tu, kurudisha saa mbili za jioni kuna uzito 0.4, na kupoteza shilingi 500 kwa wiki kuna uzito hasi 0.8. Basi saa mbili zile zina thamani ya 250 kwa wiki kwa kundi hilo. Fanya hivyo kwa vifo, kwa msaada, kwa msimamizi. Hapo ndipo unaweza kumwambia afisa kwamba kubadilisha msimamizi kunaleta ukubali sawa na kurudisha saa fulani za biashara, bila gharama kwa hospitali.

Wastani unadanganya palipo na kambi mbili. Nusu wakitaka kafyu ya saa moja na nusu wakitaka isiwepo, wastani utakuambia saa tatu, ambayo hakuna aliyeiomba. Tazama makundi kwanza.

Mfano mkubwa wa zoezi la aina hii lililofanywa wakati wenyewe wa janga ni wa Uholanzi, 2020. Watu wapatao 30,000 walipewa njia nane za kulegeza masharti, kila moja na athari zake kwa hospitali, wakaambiwa wachague. Walikubali kulegeza, lakini wakasimama pale hospitali zingelemewa. Wengi waliwatanguliza watu wa kazi za kugusana, kama vinyozi. Walipima kupunguza vifo 100 vya walio chini ya miaka 70 sawa na kupunguza vifo 168 vya walio juu ya hapo. Namba hiyo ni ya kwao, na ni hatari kuibeba hadi nchi ambayo bibi ndiye analea wajukuu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walikataa nafuu za kundi moja peke yake, wakisema zinagawa watu. Eastleigh na Mji wa Kale wangewaelewa. Vivyo hivyo kaunti 13 za magharibi na kando ya Ziwa zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni Juni 2021 huku wengine wakitembea hadi saa nne usiku: swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa kwa nini sisi.

Tanzania iliacha njia hiyo ya amri za kufungia watu. Shule zilifungwa Machi 2020, vyuo vikarudi 1 Juni, shule zote 29 Juni, na hakukuwa na kafyu. Wafanyabiashara wengi wa Kenya walitamani hali hiyo, na hawakuficha. Shida kwa kazi yetu ni kwamba kuanzia Mei takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa, na mtu asiyejua vifo vya upande wa pili wa mizani hawezi kuchagua. Anachoeleza ni tumaini lake.

Mwisho, uliza kuhusu kuondolewa kwa amri, jambo ambalo madodoso mengi yaliliacha. Mpe mtu kadi mbili: amri ya siku 30 inayoweza kuongezwa, au ya siku 45 yenye tarehe isiyobadilika. Katika vikao, wanaonunua mzigo kwa mkopo walipendelea ya pili, ingawa ni ndefu, kwa sababu mwenye duka la jumla anakubali deni lenye tarehe. Kenya amri ziliongezwa mara kwa mara, kila baada ya wiki kadhaa, na tangazo mara nyingi lilikuja siku moja au mbili kabla ya muda kuisha. Na sharti lolote la kulegeza lipitie kwanza kwa mtu mjanja wa mtaani akuonyeshe tundu lake. Hoteli ziliporuhusiwa kuuza pombe pamoja na chakula tu, soseji moja mezani ikawa kibali cha kunywa hadi saa ya kafyu, na mwishoni mwa Julai 2020 pombe ikapigwa marufuku hotelini. Rudia maswali kila wimbi. Majibu ya Juni 2020, watu wakiwa hawajamzika mtu wanayemjua, hayafanani na ya Aprili 2021, vitanda vya wagonjwa mahututi vilipojaa Nairobi. Ukirudi kwa wahojiwa wale wale, wengine watakuwa wamebadilisha laini, wamehamia ushago au wamefunga biashara. Waandike wote kama walivyo, na usiwajazie nafasi kwa watu wapya walio rahisi kupatikana.